Mkono Ndani ya Kiota cha Fundichuma

Rafiki yangu Kabula alinipigia simu nikiwa nachambua maharage uani kwangu hapa Mpanda mjini. Alisema, "Vero, mama ametutoka," akakata bila kusubiri jibu. Nilikaa na ungo mapajani mpaka kuku wakaanza kula maharage na mimi nawaangalia tu. Mchana nilichukua bodaboda kwenda Kakese. Kijana alikuwa anakimbiza utadhani amebeba gunia la mkaa, nikamwambia mimi ni bibi wa watu, akiniangusha atanizika yeye. Akacheka, akapunguza mwendo. Tulipofika kwenye majaruba ya mpunga, kabla ya kuingia kijijini, niliwaona ndege wawili wanatembea taratibu pembeni ya maji, wa kahawia, na kile kishungi kilichochongoka kisogoni ambacho ukikiangalia pamoja na mdomo, kichwa kizima kinakuwa nyundo. Fundichuma. Mimi nina wajukuu, nimezika mume, nimelazwa hospitali nikatoka kwa miguu yangu, lakini nilipowaona wale ndege nilimbana yule kijana kiuno mpaka akauliza, "Bibi, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, twende.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule niliokaa kwa Shangazi Skola, nikiwa darasa la sita. Kwa nini nilikaa kwake ni habari nyingine, na hapa haina faida. Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi, vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vya kamba, na picha ya Bikira Maria iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Cha nyuma tulilala. Maisha yenyewe lakini yalikuwa jikoni, kibanda kisicho na dirisha, ambamo shangazi alipika pombe ya kienyeji ya kuuza. Pipa lilichemka toka asubuhi, kuni zenyewe mbichi, moshi unatoka kwenye nyasi za paa ukipenda, na usipopenda unabaki humo humo na sisi. Macho ya shangazi yalikuwa mekundu wiki nzima. Leo ukimwona mama mwenye macho hayo utamwambia akapimwe. Miaka ile, kwa upande wetu, mjane kama yeye mwenye macho mekundu alikuwa na jina lake, na jina hilo halikutamkwa mbele yake. Tulikuwa tumesikia habari za bibi mmoja wa kijiji cha mbali aliyekutwa shambani kwake amekatwa mapanga. Waliosimulia walishusha sauti, na si kwa huruma.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Kabula, mama wa rafiki yangu. Walikuwa Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na mwanzoni watu wa pale hawakuwapenda sana, lakini yeye na shangazi walielewana kwa sababu ya machicha. Shangazi akishakamua pombe, machicha yote yanakwenda kwa Mama Kabula akawape ng'ombe, na kibuyu cha maziwa mgando kinarudi. Alikuwa anakaa mlangoni mwa jiko, mtoto wake Masanja mgongoni, anaongea Kiswahili chake cha Kisukuma kilichotuchekesha, anatia mkono kwenye chungu chetu cha mboga ya majani makavu bila kukaribishwa. "Dada Skola, sansa yako hii umeweka karanga za kuhesabu," anasema, huku anaongeza tonge. Shangazi anamjibu, "Wewe una ng'ombe unakuja kula majani kwa maskini." Nikikumbuka mwaka ule naanzia hapo, kwenye sansa, kwa sababu baada ya hapo sikula chakula nikakisikia ladha yake kwa miezi mingi.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mkuyu uliokuwa umeinama juu ya bafu letu la mabua. Kiangazi kilipokuwa kinaelekea kuisha, fundichuma wawili walileta vijiti kwenye panda ya mkuyu ule. Shangazi alikuwa anafua. Alimwona wa kwanza anatua na kijiti mdomoni, akaacha kufua, akakaa chini kwenye udongo na kanga yake safi. "Vero," akasema, "miti yote hii ya Kakese. Kwa nini kwangu?" Mimi nilikuwa najua alichokuwa anajua. Kila mtoto wa pale alikuwa anajua. Kiota cha fundichuma hakiguswi. Anayekigusa, mvua ikija, radi inamtafuta popote alipo. Na yule ndege anaokota vitu vya watu, nguo, kamba, ngozi, anavipanga juu ya kiota, na walisema mtu ambaye kitu chake kimewekwa kule hana afya tena, ni suala la muda.

Walijenga bila kupumzika. Vijiti, nyasi, tope la majaruba, mpaka kiota kikawa kikubwa kama kihenge kidogo, na mlango wake ni tundu la pembeni lililosilibwa kwa tope vizuri kuliko nyumba yetu. Shangazi akaanza kuanika nguo ndani, juu ya vile viti vya kamba, kwa hiyo sare yangu ya shule ikawa inanuka uvundo na moshi pamoja. Jioni tulikula kimya, tunasikiliza vishindo vya wale ndege wanavyokanyaga juu ya paa la kiota chao, tap, tap, mtu akishusha kijiko tunashtuka sote. Wateja wa pombe walipungua. Waliobaki walikunywa wamesimama, migongo ukutani, macho kwenye mkuyu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Masanja aliugua. Alishikwa na homa, halafu degedege, akakakamaa mikono na miguu na macho yakageuka. Kwetu watu waliamini degedege inaletwa na kivuli cha ndege kinachompitia mtoto. Mama Kabula hakusubiri kivuli wala dawa ya kufukiza, alimfunga mtoto mgongoni, mume wake akampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, wakamchoma sindano, wakarudi naye amelegea lakini anapumua. Tulishukuru. Asubuhi yake nilikwenda kisimani, nikakuta wanawake wamenyamaza. Ndoo zimejaa na hakuna anayeondoka. Mmoja akamwambia mwenzake, mgongo amenipa mimi, "Ile soksi nyekundu ya mtoto iko juu kule. Nimeiona kwa macho yangu. Iko kwa Skola." Nilijitwisha ndoo kabla haijajaa nikarudi nyumbani maji yananimwagikia mgongoni. Niliangalia juu ya mkuyu. Ilikuwepo, nyekundu, imewekwa katikati kabisa ya kiota.

Walikuja siku hiyo hiyo baada ya chakula cha mchana. Mbele alikuwa Mzee Lugwisha, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliotisha. Nyuma yake vijana na wazee wa kutosha, pinde na marungu mikononi, Baba Kabula akiwa kati yao anaangalia viatu vyake. Wanawake walisimama mbali, Mama Kabula hayupo, alikuwa ndani na mtoto. Shangazi alitoka jikoni anajifuta mikono, macho yake siku ile mekundu kuliko siku zote.

"Skola," Mzee Lugwisha akasema, "tumekuja kwa amani. Mtoe ndege wako."

"Huyu ndege si wangu, mzee."

"Basi kibomoe kiota."

"Nikibomoa nitapigwa na radi. Nyie wenyewe mnajua."

"Ambaye ndege si wake ndiye anayepigwa. Mwenye ndege hapigwi. Sasa ukikataa kubomoa, sisi tutasema unamlinda. Ukibomoa ukabaki mzima, tutasema ni wako. Mimi sikuonei, ndivyo ilivyo."

Nimewahi kumsimulia padri mmoja maneno hayo, akacheka akasema huo ulikuwa ujinga wa watu wasiosoma. Sikupenda kicheko chake. Mzee Lugwisha hakuwa mjinga, na mimi niliyekuwa nimesimama pale na sare yangu sikuona kosa hata moja kwenye alichosema. Niliamini yote. Niliona tu kwamba kila mlango ambao shangazi angetokea, kulikuwa na panga linamsubiri. Nikamkumbuka bibi wa shambani. Miguu ilianza kwenda kabla sijaamua, nikapita nyuma ya jiko, nikakanyaga ukuta wa bafu, nikaupanda mkuyu.

"Vero, shuka," shangazi akasema. "Mwanangu, shuka. Shuka nakuambia." Hakupiga kelele. Nilimsikia anasema hivyo mara nyingi, sauti inazidi kuwa ndogo.

Ndege mmoja alitoka ndani ya kiota akapita karibu na sikio langu, nikajikojolea. Sioni haya kusema. Nilisogea mpaka nikashika ukingo, nikaanza kutoa vitu vya juu nikivitupa chini. Mifupa ya samaki. Kipande cha chandarua. Mkanda wa kandambili. Soksi ya Masanja. Utepe wa kanga ya shangazi, ile ya njano. Kola ya sare yangu mwenyewe iliyokuwa imechanika. Halafu nikashika kamba nyeusi iliyosukwa, nikaijua, maana ilipopotea kijiji kizima kiligombezwa kwa sababu yake. Ilikuwa kamba ya filimbi ya kamanda. Nikasema kutoka juu, "Ya shangazi imo. Ya kwangu imo. Na ya kamanda imo."

Mzee Lugwisha aliiokota kamba yake, akaiangalia kwa muda, akaiweka mfukoni. Nilidhani tumepona. Lakini akanyanyua uso akasema, "Na ndani? Dawa haikai juu. Weka mkono ndani, mtoto."

Nikaweka mkono. Tundu lilikuwa la kubana, tope limekauka likanichuna kiwiko, nikaingiza mpaka begani, shavu langu limegusa kiota. Kulikuwa na joto humo. Niligusa yai, laini na la moto, halafu lingine, halafu kitu kikasogea chini ya vidole vyangu, chenye majimaji, kina ganda limeng'ang'ania upande mmoja, kinahema. Nilitaka kuvuta mkono ukakwama. Hapo ndipo nilipolia. Nikawaambia hakuna dawa, kuna mayai, na moja limeshaanguliwa, kuna kifaranga. Nilipofanikiwa kushuka, watu walirudi nyuma kunipisha, hata Kabula.

"Ameshagusa," Mzee Lugwisha akasema. "Basi inatosha, kiota kiacheni. Tusubiri mvua. Radi ikimchukua huyu binti, Skola, nitakuja mwenyewe kukuomba msamaha. Isipomchukua, tutajua kwamba ndege anaijua damu yenu."

Kwa hiyo mvua ile nilitakiwa nife ili shangazi apone. Niseme vipi zaidi ya hapo? Shuleni watoto walihamisha madawati yao, nikakaa peke yangu upande wa ukuta. Wingu likitanda, mwalimu mwenyewe alikuwa anasogea mlango wa pili. Nyumbani, tukisikia ngurumo upande wa Mwese, shangazi anafunika kioo kwa kanga, anatoa majembe na sufuria nje, ananivua chochote chekundu. Anachoma kipande cha tawi lililobarikiwa Jumapili ya Matawi, moshi unajaa chumba, halafu ananikalia. Kweli, ananilaza chini ya kitanda na yeye anakaa juu yake, miguu imenizuia mbele, ili ikija ianze na yeye. Nikamwambia siku moja, "Shangazi, ikinipiga si ndiyo wewe utabaki salama?" Alinichapa kofi. Halafu akanipikia yai, jambo ambalo halikuwa la kawaida pale, na mimi nikashindwa kulila nikikumbuka yale ya juu. Nilikuwa naogopa kufa, na nilikuwa naogopa kutokufa. Mvua ikipita na mimi bado mzima, nilitoka nje nikaona watu wamesimama milangoni mwao wananiangalia, na hakuna aliyesema nashukuru Mungu.

Na vile vifaranga vilikua. Tulivisikia humo ndani vinalilia chakula mvua ikinyesha, wazazi wao wanaleta vyura kutoka kwenye majaruba, wanapishana mlangoni kama watu wenye shughuli zao. Radi ilipiga mnazi wa misheni. Ikapiga ng'ombe wawili wa mtu upande wa pili wa mto. Baada ya ng'ombe wale, kijiji kiliacha kusubiri.

Nililijua hilo jikoni kwa Mama Kabula. Yeye hakuwahi kunifukuza, na jioni ile alikuwa ametukalisha mimi na Kabula tubangue karanga. Ukuta wa jiko lao ulikuwa umepakana na mahali wanaume walipokuwa wanakula. Nilisikia ugali unakatwa, nikasikia sauti ya mtu nisiyemjua, "Binti amepona mvua zote hizi. Nini tena?" Baba Kabula akajibu kitu kidogo. Yule mwingine akasema, "Jumapili, watu wakitoka misa. Kamanda anasema tukaongee naye, lakini vijana wameshanoa." Niliangalia karanga mkononi mwangu. Mama Kabula alikuwa anakoroga mboga, akaendelea kukoroga, mpaka nikadhani hakusikia. Halafu akasema pole pole, bila kugeuka, "Moshi wa kuni hizi. Na mimi macho yangu yameanza kuwa mekundu." Akatupa karanga zilizobanguliwa kwenye chungu, akaniambia nirudi nyumbani, na nisimwambie shangazi mpaka atakapokuja yeye.

Hakuja. Jumamosi ilipita, hakuja. Jumapili shangazi alivaa akaenda misa kama kawaida na mimi nikamfuata, nimemshika kanga, sijamwambia. Tuliporudi tuliwakuta wamesimama uani. Mapanga yalikuwepo safari hii. Mzee Lugwisha alifungua mdomo, na kabla hajasema, Mama Kabula alipita katikati ya wanaume na Masanja mgongoni. Alimfungua mtoto, akampa Kabula. Akavua kandambili, akaziweka pamoja vizuri pembeni ya bafu. Akapanda mkuyu, mwanamke mnene vile, matawi yanalia, hakuna aliyeamini kwamba anapanda. Mume wake aliita jina lake mara moja. Aliingiza mkono kwenye tundu mpaka begani, na tukasikia vifaranga vinavyomgonga kwa midomo yao humo ndani. Akautoa, unavuja damu, akauonyesha kila upande.

"Na mimi nimegusa," akasema. "Mwanangu ndiye aliyeugua, soksi ilikuwa yake. Mimi si damu ya Skola, nyie wote mnakujua tulikotoka. Mvua bado ipo. Subirini tena. Ikinichukua, mtaamua yenu. Isiponichukua, mje na mapanga yenu mtuue wote wawili, na baba Kabula ndiye aanze na mimi."

Hakuna aliyemwangalia Baba Kabula usoni. Yeye alikwenda chini ya mkuyu akamnyooshea mkewe mikono ashuke. Mama Kabula alishuka anacheka, nakumbuka vizuri sana, anacheka na kuhema, akamwambia shangazi, "Dada, nipe pombe, kazi hiyo imenichosha." Shangazi alikuwa amekaa chini hawezi kusimama, nikaileta mimi. Wanaume waliondoka mmoja mmoja. Mvua ilinyesha mpaka wakati wa kuvuna mpunga, wale ndege wadogo walitoka wakaruka, na yeye hakupigwa na chochote. Mwaka ulipogeuka hakuna mtu aliyelitaja tena. Shangazi aliishi akazeeka, akafa kwa ugonjwa wa kawaida, kitandani kwake, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Maisha yangu yote nimemsimulia Mama Kabula kwa watoto na wajukuu kama mtu asiyejua woga. Nilipofika kwake siku hii ya msiba, nilizika pamoja na wengine, nikapewa sahani ya wali na nyama, nikakaa na Kabula kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Mpunga wao unaanzia pale pale. Nikamwambia ninachowaambia wote, kwamba mama yake alikuwa haogopi kitu, mwenzangu, alipanda ule mti anacheka.

Kabula aliweka sahani chini. "Nani haogopi? Mama? Vero, mama alikuwa anaamini habari za yule ndege kuliko shangazi yako. Mvua zile zote zilizobaki, wingu likitanda alikuwa anatutoa. Ananifunga Masanja mgongoni, anatupeleka sote kwa bibi, kwenye nyumba ndogo ya uani, na baba pia, anarudi nyumba kubwa peke yake. Anavaa gauni lake la sikukuu. Nilimuuliza kwa nini tusikae naye, akasema ikija isichukue mtoto wa mtu, na imkute amevaa vizuri. Tulikuwa tunamsikia toka kwa bibi. Analia mpaka mvua inakatika, halafu ananawa uso, anakuja kutuchukua. Kila mvua, mpaka ya mwisho."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Tulikuwa tunakaa dawati moja tena kufikia mwezi wa tatu.

"Alinikataza," Kabula akasema. "Alisema, yule mtoto ana woga wake unamtosha, usimwongezee wa kwangu."

Nilimwomba anisogezee maji. Zaidi ya miaka arobaini nilikuwa na uhakika kwamba msimu ule wa mvua, ukiondoa shangazi, niliogopa peke yangu.